Neno «zote» katika maelezo ya chombo: uhakiki wa matini iliyoandikiwa mashine

1. Matini na msomaji wake

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia. Matini fupi za kazi, kama maelezo ya dawa au ya mashine, hupitwa bila kutazamwa. Hata hivyo, amezuka msomaji ambaye huzitegemea kabisa matini za aina hiyo, naye ni wakala wa akili bandia, yaani programu iliyokabidhiwa vyombo vya kutenda kazi kwa niaba ya mtu. Kwa utaratibu uitwao MCP, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, kila chombo hutambulishwa kwa jina, maelezo na vigezo vyake. Kwa kusoma hayo, wakala huamua atumie chombo kipi na kwa namna gani.

Matini inayohakikiwa hapa inahusu chombo cha kuorodhesha abonema, kimojawapo cha vyombo ambavyo Stripe, kampuni ya malipo iliyoanzishwa mwaka 2010, imewatolea mawakala. Neno abonema, lenye asili ya Kifaransa, lina maana ya mapatano ya kulipia huduma kila kipindi. Katika toleo la 2025, sentensi ya kwanza ya matini yasema kwamba chombo kitaorodhesha abonema zote zilizomo katika Stripe. Kisha vyatajwa vigezo vinne, vyote vya hiari: mteja, bei, hali na kikomo.

2. Ufupi na gharama yake

Sifa ya kwanza ya matini hii ni ufupi. Wakala husoma maelezo ya vyombo vingi kwa pamoja, na kila neno hula sehemu ya nafasi yake ya kufikiri. Mwandishi aliyepima maneno yake hastahili lawama kwa hilo. Lakini ufupi ni fadhila pale tu maneno machache yaliyobaki yanaposema kweli.

Kasoro imo katika neno «zote». Kivumishi -ote hakibakizi kitu: asemaye «wageni wote wamefika» hatarajii mwingine mlangoni. Kumbe mtambo wa Stripe unaojibu ombi hilo, usipoelekezwa vingine, huleta abonema 10 tu, wala hauwezi kuleta zaidi ya 100 kwa mara moja. Tena huacha nje abonema zilizofutwa, mpaka zitajwe wazi katika kigezo cha hali. Basi, neno hilo limekosea mara mbili, kwa idadi na kwa aina.

Na afikiriwe mchapishaji wa jarida mwenye abonema 240, anayemwuliza wakala wake ana wasomaji wangapi. Wakala aliyeamini matini atahesabu alizoletewa na kujibu 10. Akiulizwa ni wangapi walioacha jarida, hataona hata mmoja, naye atampongeza mwenye jarida kwa hasara yake. Karani wa kibinadamu angeshtuka, kwa kuwa anayajua magunia ya barua yanayotoka kila mwezi. Wakala asiyeijua ofisi hana cha kumshtua ila maelezo aliyopewa.

3. Hali mbili za deni

Kigezo cha hali nacho chahitaji maelezo zaidi ya jina lake. Stripe hutenganisha hali mbili za deni. Katika ya kwanza, malipo ya karibuni yameshindikana au hayajajaribiwa, na mtambo waweza kuendelea kujaribu kuyatoza. Katika ya pili, majaribio yamekwisha bila mafanikio. Abonema imebaki, lakini mtambo hautozi tena wenyewe. Mfasiri wa Kiswahili amejaliwa hapa na sarufi ya lugha yake. Abonema ya kwanza «haijalipwa», na kiambishi -ja- chaacha mlango wazi. Ya pili «haikulipwa», na -ku- chaufunga. Mteja wa kwanza yafaa akumbushwe kwa upole; kwa wa pili, mwenye biashara hana budi kukata shauri mwenyewe. Wakala anayechanganya hali hizo aweza kumdai mtu kwa ukali kwa sababu ya kadi iliyokwisha muda jana tu.

4. Hitimisho

Matini bora isingehitaji kurasa. Ingetosha kuandikwa hivi: «Chombo hiki huorodhesha abonema ambazo hazijafutwa, 10 kwa mara moja, kikomo chaweza kupandishwa hadi 100. Ili kupata zilizofutwa, taja hali hiyo. Usitoe jumla kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna nyingine zilizobaki.» Sentensi ya mwisho ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu yamfundisha msomaji mpaka wa ujuzi wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maelezo haya yaonyesha jambo la pili: daftari laweza kuwapo, likawa kamili, na mali ikapotea kwa kuwa aliyeandika juu ya jalada aliahidi zaidi ya kilichofunuliwa. Kazi ya kuchunguza ahadi za namna hiyo ni ya wanafunzi wa lugha sawa na ya wahandisi.