Dakika Sita za Queen

Waandishi wenzangu, mwaka 1975 Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na bendi yake ya Queen walileta "Bohemian Rhapsody": wimbo wa karibu dakika sita, hauna hata kiitikio. Wakubwa wa kampuni ya rekodi wakasema ni mrefu mno kwa redio. Jamaa wakagoma kuukata. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Nimeurudia huku Rubafu, nikaona hawakukosea. Ile roki nzito inakupasua kifua kwa kuwa opera, zile sauti zinazojibizana, imekusubirisha kwanza. Ondoa opera, gitaa linabaki kelele tu.

Mimi nami hugoma hadithi zangu zisikatwe. Ila wimbo huu umeniaibisha: kurasa zangu ndefu hazimsubirishi msomaji kitu. Leo nimeshika kalamu nyekundu mwenyewe.