Heko, marubani wa Serengeti

Wapenzi wa ndege za kale mkoani Mara tuna ya kujivunia: Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael waliirusha chinichini juu ya Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unafika Bunda, wakihesabu wanyama kwa macho. Mabawa yalikaa juu ya madirisha, hivyo ardhi yote ilionekana. Tena ilitua penye nafasi finyu. Januari 1959 iligongana na tai, Michael akafariki akiwa na miaka 24 tu.

Hongera kwa marubani na wahesabuji wanaoiendeleza kazi hiyo hadi leo. Vijana wa Musoma na Butiama, someni urubani.