Mshipa, Ganzi na Msongo: Uhakiki wa Istilahi za Sindano ya Kiwewe

Istilahi mbaya katika kitabu cha sarufi humchosha mwanafunzi. Istilahi mbaya katika chumba cha daktari yaweza kumfanya mgonjwa akubali asilolijua, au alikimbie lile ambalo lingemfaa. Kwa ajili hiyo tumeona inafaa kuzipima tafsiri zinazojitokeza kwa sindano inayotajwa sasa katika tiba ya watu walioathiriwa na matukio ya kutisha.

Tuanze na dhana yenyewe. Chini ya shingo, karibu na kifua, pana fundo la neva kila upande, ambalo wataalamu wa mwili walilipa jina la nyota kutokana na umbo lake. Neva zinazohusika hapo ni zile ziushtuazo mwili wakati wa hatari: moyo huenda mbio, jasho hutoka, mboni hupanuka. Daktari huingiza dawa ya ganzi kando ya fundo hilo, kwa kawaida upande wa kulia, akiongozwa na picha ya mashine. Kope la upande huo hulegea kwa muda, nayo ni dalili kwamba dawa imefika mahali pake.

Njia hii ilikuwa ikitumika tangu zamani kwa maumivu. Mwaka 2008 Eugene Lipov wa Chicago alitoa taarifa ya kuitumia kwa mgonjwa wa kiwewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 haukuona tofauti kati ya sindano hiyo na sindano ya bandia. Mwingine, wa wanajeshi 113 katika hospitali tatu za jeshi la Marekani, uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2019, uliona kwamba baada ya wiki 8 kipimo cha dalili kilishuka kwa alama 12.6 kwa waliopewa dawa, na 6.1 kwa waliopewa ya bandia. Basi mtafsiri aandikaye kwamba sindano hii "huponya" amesema kuliko walivyosema watafiti.

Tafsiri ya kwanza tunayoihakiki ni "sindano ya kuziba mshipa". Kasoro yake ni kubwa. Neno mshipa limebeba mizigo mingi: njia ya damu, neva, na hata ngiri. Tena "sindano ya mshipa" imekwisha kuwa na maana yake hospitalini, yaani dawa iingiayo moja kwa moja katika damu. Mzee wa Lemara, au wa vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, akiambiwa kwamba atazibwa mshipa wa shingo, ataelewa kwamba damu haitafika kichwani, naye atakuwa ameelewa Kiswahili sawasawa. Hapa kosa si la msikilizaji. Wapo wasemao "mshipa wa fahamu" waondoe utata. Lakini katika mazungumzo sehemu ya pili hudondoka upesi, na utata hurudi. Twaona neno neva, ambalo shule zimekwisha kulizoea, lishike nafasi hii.

Ya pili ni "kuua neva". Hii yaeleza jambo jingine kabisa, kwa kuwa kilichouawa hakirudi, ilhali nguvu ya dawa hii huisha baada ya saa kadhaa. Ya tatu ni "mfumo wa huruma", iliyotokana na kulifuata neno la kigeni kwa maana yake ya mtaani badala ya maana yake ya kitaalamu. Neva hizo hazimhurumii mtu, humtahadharisha. Hapa ni heri kukopa na kusema neva simpathetiki, kisha kufafanua.

Kwa dhana ya jumla tunapendekeza ganzi ya neva, na kwa sindano hii ganzi ya fundo-nyota. Ipo hoja ya kupinga: ganzi ni kupotewa na hisi, na fundo hili si la kuhisi. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo neno ganzi linajulikana na kila aliyeng'olewa jino au kushonwa jeraha, na ndani yake mna ahadi kwamba hali hiyo itapita. Neno zuio, linalopendekezwa na baadhi ya wenzetu, limezoeleka mno mahakamani.

Limebaki jina la ugonjwa. "Msongo wa mawazo" unaufanya uonekane kama wingi wa fikira, na mgonjwa huambiwa aache mawazo. Akielezwa hivyo, sindano ya shingo itakosa mantiki kwake, kwani mawazo hayadungwi. Wanyarwanda walionyesha njia nyingine: baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hali hiyo iliitwa ihahamuka, neno lenye picha ya mtu aliyekatika pumzi. Wameanzia mwilini.

Arusha inalo funzo lake pia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi mjini hapa hadi mwaka 2015, ilitoa hukumu ya Akayesu tarehe 2 Septemba 1998. Kabla ya kuupima ushahidi, majaji walieleza athari ya kiwewe kwa mashahidi, na ugumu wa kuyapeleka maneno ya Kinyarwanda katika Kifaransa na Kiingereza, wakayachambua maneno kadhaa moja moja. Waliona kwamba haki yaweza kupotea katika tafsiri. Ridhaa ya mgonjwa nayo yaweza kupotea vivyo hivyo.

Tunapendekeza msongo baada ya kiwewe. Kiwewe ni pigo la wakati ule. Msongo ni kinachobaki kikibana. Na "baada ya" hutenganisha mawili hayo. Jeraha libaki kwa mwili uliokatika au kuvunjika.

Mapendekezo haya si amri. Walimu, watafsiri na watumishi wa afya wayajaribu kwa wasikilizaji wao, na watuletee hoja pale yanapokwama, maana istilahi isiyoeleweka na mgonjwa bado haijawa istilahi ya tiba.