Kumjua Fundi Pampu wa Kweli

Ukimkuta fundi wa Temeke au Kinondoni, Dar es Salaam, anafungua pampu ya dizeli ya Coaster juu ya meza yenye mchanga, usiulize bei. Chukua pampu yako uondoke. Plunja, yaani pistoni ndogo inayosukuma dizeli, na tundu lake vimesagwa kwa pamoja, na nafasi iliyo kati yao ni mikroni chache tu. Unywele wa mtu una mikroni kama 70. Punje moja ya vumbi yatosha kuikwaruza plunja. Fundi stadi huosha kwa dizeli safi na hafuti kwa tambara, maana tambara huacha nyuzi.

Mwangalie pia anapopima nozeli, inayopuliza dizeli kwenye injini. Huiinamisha, huivuta sindano yake nje kama theluthi, kisha huiachia. Sindano nzima hushuka taratibu kwa uzito wake hadi chini. Ikikwama, ina uchafu au imepinda. Halafu huifunga kwenye mashine ya mkono na kusukuma: nozeli nzuri hukoroma, hutoa ukungu mwembamba, na ncha yake hubaki kavu. Tone likining'inia pale, kazi haijaisha.

Mtihani mkubwa uko kwenye sailensa, yaani mbio za chini kabisa za injini isiyokanyagwa mafuta. Kwenye mashine ya kupimia pampu, mafuta ya kila silinda huingia katika mrija wake wa kioo. Mbio zikiwa kubwa, karibu pampu yoyote hujaza mirija sawasawa. Mwambie fundi ashushe mbio. Hapo kila pigo hutoa milimita za ujazo chache mno, na uchakavu wote hujitokeza.

Jihadhari na anayekufungulia skrubu ya mafuta ili gari "liwe na nguvu". Moshi mweusi utakufuata hadi Mbagala, na injini italipa.

Muulize pia kilichoiua pampu. Pampu ya Coaster hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mafuta ya taa yakichanganywa humo huila haraka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji huo. Fundi asiyekuonyesha plunja iliyolika wala kutu ya maji amebadilisha vipuri tu. Usimlipe kabla hujaiona mirija ikilingana kwenye sailensa.