Mambo Mbotela: Sauti, Uwanja na Neno Ungwana

Tarehe 7 Februari 2025 Leonard Mambo Mbotela alifariki dunia mjini Nairobi, naye akiwa na umri wa miaka 84. Magazeti na vituo vya redio vilimlilia kwa namna inayostahili: alisifiwa kwa sauti yake, kwa ucheshi wake na kwa miaka mingi aliyoitumikia idhaa. Sifa hizo ni za haki. Lakini kwa wanafunzi wa lugha sifa peke yake haitoshi. Anapofariki mshairi, twauliza ametuachia nini katika fani. Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilohilo juu ya mtangazaji wa mpira: je, kazi yake ilikuwa sanaa ya lugha, na ikiwa ndiyo, sanaa hiyo ilijengwa kwa vifaa gani?

Yafaa tuanze na asili yake. Mbotela alizaliwa mwaka wa 1940 huko Frere Town, Mombasa, katika kijiji kilichoasisiwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka wa 1875 ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Jina la ukoo wake si geni kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili, kwani James Mbotela, mtu wa jamii hiyohiyo, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka wa 1934 na ambacho kwa muda mrefu kimehesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Kwa hiyo Mambo hakulikuta neno la Kiswahili studioni. Alitoka nalo nyumbani, katika jamii iliyokuwa na mazoea ya kusimulia na ya kuandika.

Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964, mwaka uleule serikali ya nchi changa ilipoichukua idhaa mikononi mwake. Hadhira aliyoikuta ilikuwa ya ajabu. Katika Idhaa ya Taifa msikilizaji wa Lamu na msikilizaji wa Kakamega walipokea sentensi moja kwa wakati mmoja. Lakini kwa wa kwanza Kiswahili kilikuwa lugha ya mama, na kwa wa pili kilikuwa lugha ya soko, ya kazi na ya safari. Mtangazaji aliyesema Kiswahili cha ndani mno angewapoteza wa bara, na aliyekilegeza mno angechekwa na wa pwani. Ufundi wa kwanza wa Mbotela na wa watangazaji wenzake wa rika lile ulikuwa kuipata lugha ya katikati, iliyo sahihi bila kuwa ngumu. Jambo hili lilifanyika miaka kadhaa kabla ya mwaka wa 1974, Kiswahili kilipoingia Bungeni kwa amri ya Rais Kenyatta. Twaweza kusema kwamba uwanja wa mpira ulitangulia Bunge.

Sasa tuingie katika sarufi ya utangazaji wenyewe. Msikilizaji wa redio haoni kitu. Kila alichonacho amepewa kwa maneno, na maneno hayo hayana budi kwenda kwa mwendo wa mpira. Hapa Kiswahili kina nyenzo ambazo lugha nyingine hazina. Mchezaji ni wa ngeli ya watu, mpira ni wa ngeli ya miti. Basi mtangazaji akiisha kuutaja mpira mara moja, hahitaji kuutaja tena. Akisema "anakimbia, unapigwa, unarudi, anaupokea", msikilizaji anajua papo hapo lipi ni la mtu na lipi ni la mpira. Upatanisho wa kisarufi, ambao mwanafunzi darasani huuona kama mzigo, uwanjani huwa ndiyo njia ya mkato. Kazi ya nomino hufanywa na silabi moja.

Pili, mahali. Tofauti ya po, ko na mo, ambayo wasemaji wengi wa bara wameiacha ififie, ni uhai wa mtangazaji. Mpira ulio karibu na mahali palipokwisha kutajwa upo. Ulio kule upande wa mbali usiopimika vizuri uko. Uliokwisha kuingia katika eneo la hatari, au wavuni, umo. Kwa viambishi hivi vitatu msikilizaji huchorewa ramani ya uwanja akilini mwake. Yamkini wasikilizaji wengi wa bara walijifunza tofauti hii kwa mpira kuliko kwa vitabu, maana jibu la swali "umo au haumo?" lilikuwa jambo la furaha au la kilio.

Tatu, majina. Katika neno "anampa", a- ya mtoaji na -m- ya mpokeaji zaweza kumwakilisha mchezaji yeyote wa timu yoyote. Sarufi iliyomsaidia mtangazaji katika kuutofautisha mpira na mtu inamwangusha katika kutofautisha mtu na mtu. Dawa yake ni takriri. Jina linalofunga sentensi hufungua sentensi inayofuata: fulani anampa fulani, fulani anageuka, anampa fulani, fulani anapiga shuti. Msomaji wa ushairi ataitambua mara moja mbinu hii. Ni ileile ya shairi la pindu, ambalo wengine huliita mkufu, ambamo maneno ya mwisho wa ubeti hurudi kuwa ya mwanzo wa ubeti unaofuata. Hatudai kwamba watangazaji waliiga pindu. Tunadai tu kwamba haja moja imezaa fani moja: kumshika msikilizaji mkono asipotee njiani.

Nne, nyakati. Wakati -na- hubeba mwendo, na -me- huja kama kikomo: anakwenda, anakwenda, amefunga. Msimuliaji wa hadithi hutegemea -ka-, kwa kuwa mambo yake yamekwisha kutukia na yeye anajua mwisho wake. Mtangazaji wa mpira hana -ka-, kwani hajui mwisho. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kifani kati yake na fanani wa ngano. Fanani wa ngano huchelewesha jambo analolijua. Mtangazaji hulikimbilia jambo asilolijua. Taharuki ya kwanza imetengenezwa, ya pili ni ya kweli, na sauti inayoibeba haina nafasi ya kurudi nyuma na kusahihisha.

Zaidi ya fani kuna suala la haki. Kandanda ya Kenya katika miaka hiyo ilikuwa na vilabu vyenye mizizi ya kikabila, hata ikafika mwaka wa 1980 vilabu vikatakiwa kuacha majina ya namna hiyo, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Siku Leopards ilipokutana na Gor Mahia, mtangazaji alisema na umati uliogawanyika sawasawa. Kilichomwokoa kilikuwa mambo mawili: lugha isiyo ya upande wowote, na msamiati wenye mizani. Kuotea ni kuotea awe nani aliyeotea. Mpira wa adhabu ni wa adhabu upigwe kuelekea lango lipi. Mbotela alikuwa na shauku, na shauku yake ilisikika. Lakini ilikuwa shauku ya mchezo zaidi kuliko ya upande. Hili si jambo dogo katika nchi ambamo jina la mtu aghalabu humtangulia yeye mwenyewe.

Ama kwa upande wa televisheni, lazima tuseme kweli. Watangazaji waliolelewa na redio walipoingia katika televisheni walichukua mazoea yao pamoja nao, wakawa wakieleza yale ambayo mtazamaji alikwisha kuyaona. Kwa kipimo cha kifaa hiki hilo ni kosa: picha hufanya kazi ya po, ko na mo, na anayezitamka husema mara mbili. Lakini mtazamaji wa Kenya hakuudhika kama nadharia ingetaka audhike. Sababu, kwa maoni yetu, ni kwamba masimulizi yale yalikuwa yamekwisha kuwa utamu wa kujitegemea. Msikilizaji wa utendi huifahamu hadithi kabla haijaanza kughaniwa, na bado hukaa akasikiliza.

Tukigeukia kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, alichokianzisha mwaka wa 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne, redioni na hata kwenye televisheni, tunakuta kwamba kazi zake mbili ni kazi moja. Uwanjani kuna refa na kipenga, mitaani hakuna. Kipindi kile kilikuwa kipenga cha mitaani. Kilitaja tendo, kikauliza swali, kikamwachia msikilizaji atoe hukumu. Swali lenyewe ni la balagha, lakini halikuwa la kejeli tupu: lilimfanya msikilizaji awe mwamuzi, kisha likamfanya ajitazame.

Hapa tunafika kwenye neno lenyewe. Katika historia ya pwani mwungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru kwa kuzaliwa, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Ungwana ulikuwa daraja iliyorithiwa. Adabu, mavazi na lugha vilikuwa alama zake tu. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika nchi ya Kenya mwaka wa 1907, lakini neno liliendelea kubeba kivuli chake. Sasa tazama: mtu aliyezaliwa Frere Town, katika kizazi cha waliokombolewa, ndiye anayeketi mbele ya kipaza sauti na kuliuliza taifa zima kama mwenendo wake ni wa kiungwana. Katika swali hilo daraja ya kuzaliwa haimo kabisa. Tajiri asiye na adabu si mwungwana, na maskini mwenye adabu ni mwungwana. Bila kuandika hata ukurasa mmoja wa nadharia, Mbotela alilihamisha neno kutoka katika nasaba akaliweka katika tendo. Wanaleksikografia wanaoandika leo kwamba ungwana ni ustaarabu na mwenendo mwema wanaandika maana ambayo kipindi hiki, wiki baada ya wiki, kilisaidia kuikaza masikioni mwa watu.

Hata hivyo uhakiki usio na kasoro ni tenzi za sifa. Tukipime kipindi hiki kwa walengwa wake. Sauti ya Kenya ilikuwa idara ya serikali, na kuna miaka ambayo wenye mamlaka hawakuweza kuulizwa hewani kama matendo yao yalikuwa ya kiungwana. Swali likabaki kwa jirani, kwa mgeni, kwa abiria. Aibu ndogo zilihukumiwa, kubwa zikapita kimya. Hatumlaumu mtu mmoja kwa mipaka ya chombo kizima; lakini msomi atakayekichambua kipindi hiki hana budi kukisikiliza kwa masikio mawili, moja kwa yaliyosemwa na jingine kwa yasiyosemwa.

Mipaka hiyo ilidhihirika tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga walioasi walimchukua Mbotela wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Tujiulize kwa nini bunduki, zilizokwisha kuiteka idhaa, zilimhitaji mtangazaji wa mpira. Askari yeyote angeweza kuisoma karatasi ile. Lakini waasi walifahamu jambo ambalo sisi wa vyuoni tumechelewa kulifahamu: kwamba sauti ile ilikuwa imejijengea amana ya kuaminiwa, kwa miaka ya kusema goli pale palipokuwa na goli na si vinginevyo.

Kuna watakaopinga kwamba utangazaji wa mpira si fasihi, kwa sababu haukusudiwi kudumu. Hoja hii ilikwisha kujibiwa. Mwaka wa 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai kwamba masomo ya fasihi yaanzie Afrika, waliifungulia mlango fasihi simulizi, ambayo nayo haikukusudiwa kuandikwa. Mlango huo tuliupitisha ngano, vitendawili na nyimbo za jando, tukamwacha nje fanani wa zama zetu kwa kuwa mbele yake palikuwa na kipaza sauti. Wakati umefika wa kumkaribisha.

Njia ni tatu, na hakuna iliyo nje ya uwezo wa idara. Kwanza, kanda za sauti zinazopatikana katika maktaba za idhaa zinakiliwe na kunukuliwa neno kwa neno, pamoja na vituo, mikazo na kelele za umati, kama tunavyonukuu utendi. Pili, wazee waliozisikiliza tangazo zile wahojiwe wangali hai, kwa kuwa hadhira ni nusu ya sanaa hii. Tatu, istilahi za kandanda zikusanywe kwa mpangilio wa wakati, tujue lipi lilizaliwa mwaka gani na kwa kinywa cha nani. Asiyefanya hivi ataendelea kuwafundisha wanafunzi viambishi vya po, ko na mo kwa mifano ya kikombe na meza, wakati mifano iliyo hai, iliyowahi kuisimamisha nchi nzima, inachakaa katika makasha.

Mambo Mbotela amezikwa. Sauti yake bado yaweza kusikilizwa, lakini kanda haziishi milele, na kuziacha zife bila kuzisoma si ungwana.