Kosa la Nani? Maneno ya Kiingereza katika Vinywa vya Meru na Embu

Ni desturi iliyozoeleka katika shule na vyuo vya Kenya kuyaeleza matamshi ya Kiingereza ya Wameru na Waembu kwa orodha ya makosa: mzungumzaji ametanguliza nazali mbele ya b na d, ametamka r isiyotakiwa, ameyasawazisha maneno yenye irabu tofauti. Orodha ya namna hiyo yaweza kuwa sahihi katika vipengele vyake na bado ikapotoka katika msingi wake, kwa kuwa hudhani kwamba Kiingereza kinachotumiwa kama kipimo kimesimama tuli. Hakijapata kusimama.

Neno "poor" latosha kuwa ushahidi. Kamusi ya matamshi ya Daniel Jones ya mwaka 1917 ililiandika kwa irabu mbili zilizoungana; ile ya J. C. Wells ya mwaka 1990 ilitanguliza irabu moja ndefu, ile ile ya "paw". Mwalimu aliyefunzwa kwa kamusi ya kwanza angeonekana wa kizamani mbele ya ya pili.

Habari ya r ina uzito zaidi. Kusini mwa Uingereza, r isiyofuatwa na irabu ilikuwa imekwisha kutoweka katika usemi wa wasomi kufikia karne ya 19, Uskoti haikutoweka. Hapana budi basi kukumbuka jinsi Kiingereza kilivyofika kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Wamethodisti wa Uingereza walianza kazi Kaaga mwaka 1912. Kanisa la Uskoti lilifungua misheni Chogoria mwaka 1922. Mapadre wa Consolata walitoka Italia. Hakukuwa na Kiingereza kimoja cha kuharibiwa.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi tabaka mbili za mkopo. Nesi, shati, fomu na baa hazina r. Korti na marikiti zinayo. Kundi la kwanza laelekea kupokewa kwa sikio kutoka kwa Waingereza wa kusini. La pili lilipitia kinywa kingine, cha Mhindi au cha Mskoti, au lilipokewa kwa jicho, kwenye maandishi.

Katika Kikuyu, marikiti huwa marigiti, na daktari huwa ndagitari: k hugeuka g mbele ya t. Hii ndiyo kanuni iliyopewa jina la mmisionari Edmund Dahl, aliyeigundua katika Kinyamwezi. Kimeru na Kiembu nazo zinayo, kama majina ya mahali yanavyoshuhudia: Gatimbi, Gaturi, Gakoromone, Gachoka. Lakini mbele ya th lugha hizi huiacha k kama ilivyo, nasi tunapata Kithirune, Kathwana, Kithimu na Kithunguriri, ilhali Kiambu kuna Githunguri na Githurai. Anayewatia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kapu moja la "watu wa mlimani" hajasoma hata vibao vya barabarani.

Suala hili si la nadharia tupu. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa KCSE umekuwa na sehemu ya stadi za mazungumzo ijibiwayo kwa kalamu, na humo mtahiniwa huweza kutakiwa kutaja neno linalotamkwa sawasawa na jingine. Akipewa "caught", jibu litarajiwalo ni "court". Jibu hilo ni kweli London. Edinburgh si kweli, na Nkubu si kweli kwa yeyote atamkaye r ya "court". Mwanafunzi huzikariri jozi hizo kama akaririvyo miji mikuu ya nchi, na yule anayeyaamini masikio yake ndiye apotezaye alama.

Haimaanishi kwamba kila tamko lipokewe. Nazali iliyotangulizwa mbele ya b, mathalan, hutokana na mfumo wa lugha ya kwanza, ambamo vipasuo ghuna hukaa katika mb, nd na ng. Yaweza kumtatiza msikilizaji mgeni, na mwalimu ana haki ya kuishughulikia. R ya "court" haimtatizi mtu. Mambo haya mawili hayana asili moja wala athari moja, na orodha inayoyaandika chini ya kichwa kimoja cha makosa humnyima mwalimu kile hasa alichohitaji kukijua kabla ya kuingia darasani: lipi lilitoka katika lugha ya mtoto, na lipi lililetwa na Kiingereza chenyewe.