Funza Wawili, Bua Moja

Pasua bua la hindi lililodumaa kwenye shamba la Kilifi, huenda ukawakuta wawili: Chilo partellus, mgeni kutoka Asia, na Chilo orichalcociliellus, mwenyeji wa pwani. Wote ni viwavi wenye madoa, urefu wa sentimita mbili na ushei, na asiyewazoea hawezi kuwatenganisha.

Katika wadudu wala mimea, ukubwa wa mwili una mkono katika kuzaliwa kwa spishi mpya. Mdudu mkubwa aghalabu huruka mbali na kuzaana na jamaa wa mbali. Mdogo anayekula na kujamiiana kwenye mmea uleule hujitenga upesi. Huko Marekani, nzi mdogo Rhagoletis pomonella alihamia matufaha katika karne ya 19, na wale wa matufaha wameanza kuachana na wenzao waliobaki kwenye mti wa asili. Funza wa mabua ana kipimo chake: unene wa shina. Hawezi kuizidi nyumba anayoila.

Mgeni alienea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950 na kumbana mwenyeji. Kwa kuwa wanalingana maumbo, waligombania bua lilelile. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, waliwalisha mahindi, mtama na nyasi za porini, wakawalinganisha. Mgeni hukomaa upesi zaidi, na hilo lingetosha kummaliza mwenzake. Lakini mwenyeji alikua hadi mwisho katika nyasi mbili za asili ambamo mgeni alishindwa. Nionavyo, ukubwa ndio ulioleta ugomvi. Mmea ndio ulioamua.

Mgogoro wa pili umo ndani ya mwili wa kiwavi. Nyigu Cotesia sesamiae, wa milimita mbili tatu, hupenya kwenye handaki lililojaa kinyesi na kumchoma kiwavi aliyemzidi urefu karibu mara kumi. Nyigu wengine huumwa wakafia humo. Anayefaulu huacha makumi ya mayai. Kumchunguza nyigu maabara ni kazi ya mikono: kiwavi hulishwa bua kwanza ili atoe kinyesi kibichi, kisha hushikwa kwa kibanio na kusogezwa mbele ya nyigu. Harufu ya kinyesi humchochea achome. Baada ya siku chache kiwavi hupasuliwa, yakatazamwa mayai.

Katika miaka ya 1990 Adele Ngi-Song, William Overholt na wenzao waliwapa nyigu wa pwani na wa Kitale kiwavi wa aina moja, Busseola fusca, funza mnene wa nyanda za juu. Kwa ukubwa, Busseola ni karamu. Watoto wa nyigu wa Kitale walikua. Mayai ya nyigu wa pwani yalizingirwa na chembe za damu ya kiwavi, yakafa. Kwa macho nyigu hao ni wale wale. Uchunguzi wa baadaye ulikuta tofauti katika virusi anavyoingiza nyigu pamoja na mayai ili kudhoofisha kinga ya kiwavi.

Kwa hiyo rula haitoshi. Mwaka 2017 kundi moja lililokuwa likihesabiwa kuwa Cotesia sesamiae lilitengwa kwa vinasaba, maumbile na windo lake, likapewa jina Cotesia typhae. Linamfuata funza mmoja tu, Sesamia nonagrioides.